Ng'ombe wa Nyamizi

Sehemu ya Tisa

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, ajue hivi tu: Elina amekufa. Alikwenda hospitali kujifungua akiwa mzima, akarudishwa amefunikwa khanga, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Mumewe Mashimba, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na ambaye siku hizi anabeba abiria kwa baiskeli, amebaki na binti mmoja, Nyamizi, ambaye hata shule hajaanza. Majirani wa Mabanzini, mtaa ule wa vyumba vya udongo nyuma ya stendi ya Bariadi, wamechangishana sanda, wamepiga jeneza kwa mbao za masanduku, na vijana wako makaburini wanachimba.

Hapo ndipo pikapu ilipoingia mtaani, mzee mmoja akashuka na fimbo yake na kusema, "Simamisheni hilo kaburi."

Mzee huyo alikuwa Mayige wa Shishiyu, baba mzazi wa Elina. Tangu binti yake atoroke na Mashimba hakuwahi kukanyaga Bariadi. Nyuma yake alisimama Luhende, kaka wa marehemu, amekunja mikono ya shati kama mtu aliyekuja kupakia magunia.

Mashimba alitoka chumbani akapiga magoti pale pale vumbini.

"Mwadila, bhabha."

Mzee hakuitikia salamu.

"Wewe ndiye Mashimba?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mimi ni baba yako kwa ng'ombe gani?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wa msibani wakaacha nyungo mapajani.

Ng'ombe hawakuwahi kupelekwa. Yeye na Elina waliondoka Shishiyu alfajiri moja, wakapanga chumba Mabanzini, wakaishi. Wakati wa mshahara alikuwa akisema mwakani. Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, wakulima wakawafuata wao na fedha zao za mkononi, ushirika ukalala, kiwanda kikafungwa, na hiyo mwakani ikawa haifiki tena.

"Binti asiyetolewa mahari hazikwi ugenini," mzee alisema. "Elina ni wangu mpaka leo. Nimekuja kumchukua."

"Mzee, uheshimu msiba!"

Aliyesema alikuwa Joyness, jirani wa chumba cha pili, muuza maandazi, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ndogo. "Mwanao amefia mikononi mwangu. Huyu bwana alimsukuma kwenye baiskeli mpaka hospitali, akalala sakafuni kwenye veranda akisubiri. Ninyi mlikuwa wapi?"

"Na wewe ni nani?"

"Jirani."

"Basi baki kuwa jirani, mama."

Balozi wa nyumba kumi alijaribu. Alikohoa, akasema kwamba serikali inatambua mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja. Mzee Mayige alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Serikali ndiyo iliyomnyonyesha Elina?" Balozi akarudi kukaa.

Mashimba alikuwa bado amepiga magoti.

"Mchukue, baba. Sina nguvu ya kukataa. Lakini niruhusu niende nanyi. Nimzike mke wangu."

"Uende kama nani?" aliuliza Luhende. "Shemeji? Ushemeji wako uko wapi? Hatuziki na hawara."

Neno hilo lilimpiga Mashimba kuliko kofi. Wanaume wawili wa mtaani wakainuka, ngumi zikakunjwa, na huenda damu ingemwagika kando ya jeneza.

Lakini mlango wa Joyness ukafunguka.

Nyamizi alitoka. Alikuwa amelala, uso umejaa mikunjo ya mkeka. Aliwatazama watu, akamwona yule mzee mwenye fimbo, akaenda moja kwa moja mpaka miguuni pake, akainama kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mwadila, guku."

Babu! Mtoto hakuwahi kumwona mzee yule hata siku moja. Lakini Elina alikuwa akimfundisha jioni kwa jioni, akimwambia ipo siku atakuja mzee mrefu mwenye fimbo, na siku hiyo usione haya, msalimie hivi.

Fimbo ilianguka. Mzee Mayige alichuchumaa. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Macho ya Elina haya," alisema. Akalia mbele za watu wote, mzee mzima, mabega yanatikisika.

Wanawake wakaanza kulia naye. Joyness akamshika Mashimba begani, akamnong'oneza, "Mungu mkubwa. Moyo umelainika."

Na kweli ulikuwa umelainika. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, akambeba mtoto, akamwambia mwanawe, "Luhende, pakieni jeneza. Na huyu anapanda mbele na mimi."

"Baba!" Mashimba aliruka. "Mwanangu hapana! Elina mchukue, mwanangu niachie!"

"Mtoto aliyezaliwa nje ya ng'ombe ni wa kwao mama yake. Ninyi nyote hapa ni Wasukuma. Nimesema uongo?"

Hata Joyness alitazama chini.

"Nisikilize vizuri, kijana," mzee aliendelea, na safari hii hakuwa mkali. "Elina huwezi tena kumwoa. Mtoto anakomboleka. Siku ya kumaliza matanga ukoo utakaa. Leta ng'ombe wa kumkomboa, nitakupa mwanao mkononi na maziwa ya njiani. Usipoleta, usije kunisumbua."

Jeneza likapandishwa. Nyamizi, kwenye kiti cha mbele, alikuwa akifurahia kioo na usukani. Hakuwahi kupanda gari.

"Baba, panda na wewe!"

"Nakuja na baiskeli, mama."

"Usichelewe!"

Pikapu ikaondoka. Vijana wakarudi kutoka makaburini na majembe begani, wakiuliza kaburi lile sasa ni la nani.

Mashimba aliingia chumbani, akatoka na baiskeli. Joyness akamzuia kwa kushika usukani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumzika mke wangu. Wataniua huko huko, lakini nitamzika."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ng'ombe utawatoa wapi, na siku zenyewe ndizo hizi? Mashimba, nisikilize." Kwa mara ya kwanza Joyness alisema kwa sauti ndogo. "Elina hana haja na wewe tena. Atazikwa tu, uwepo usiwepo. Mwenye haja na wewe ni yule aliyekwambia usichelewe."

Mashimba alitazama njia. Barabara ya kwenda Shishiyu ilikuwa upande mmoja. Ya kwenda Migato, kwa kaka yake Masunga, ilikuwa upande mwingine.

Akageuza baiskeli akashika ya Migato.

Njiani, jua lilipokuwa utosini, alikisia kwamba sasa jeneza linashushwa. Alishuka kwenye baiskeli. Hapakuwa na mtu, ni mashamba ya pamba pande zote mbili. Alichota udongo wa kando ya barabara, akautupa mbele yake, akasema, "Nenda, mama Nyamizi." Hivyo ndivyo alivyomzika mkewe. Kisha akapanda baiskeli akaendelea kukanyaga, na kwa kitambo kirefu hakuona barabara vizuri.

Masunga alipopewa habari alilia kwanza. Alimpenda shemeji yake ingawa hakuwahi kumlipia. Kisha akajifuta machozi na kusema alichokuwa nacho moyoni.

"Mdogo wangu, umekuja kwa ajili ya ng'ombe."

"Ndiyo, kaka."

"Twende ukaone zizi."

Zizi lile la baba yao, enzi zake, ndama walikuwa wakifungwa nje kwa kukosa nafasi. Sasa mtu angeweza kulifagia. Miaka miwili nyuma, pamba ilipopanda bei, Masunga aliuza madume akakodi trekta, akalima mpaka ukingoni mwa mto. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, dawa ya wadudu ikawa ya kununua mwenyewe, na wadudu hawakusubiri.

"Waliobaki ni hao," alisema. "Na si wangu. Ni mahari ya binti yetu, Salu. Kaka yake ana mchumba anayesubiri ng'ombe hao hao. Nikikupa wewe, nimemnyima mwanangu. Nifanyeje, Mashimba? Niambie wewe nifanyeje."

Mashimba hakubisha. Angebisha nini? Alimshukuru kaka yake, akaokota baiskeli.

Mke wa Masunga, Kwandu, alikuwa mlangoni pa jiko, unga mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji, mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Shishiyu."

"Analala na nani?"

"Sijui."

"Anaogopa giza?"

"Anaogopa sana. Mama yake alikuwa akimwachia kibatari."

Kwandu akamgeukia mumewe.

"Baba Salu, fungua zizi."

"Na mwanao je?"

"Mwanangu atasubiri. Huyo mchumba kama anampenda, naye atasubiri. Kama hampendi, aende sasa tumjue."

"Tumpe wote?"

"Ukimpa nusu, atarudi na nusu ya mtoto?"

Masunga aliingia ndani bila neno. Mashimba alidhani kaka yake amekasirika. Lakini alitoka na blanketi begani na fimbo mbili, moja akamtupia mdogo wake.

"Huwezi kuwaswaga peke yako," alisema. "Ng'ombe hawa hawakujui."

Wakaondoka. Walipita vijiji, wakaomba maji kwa watu, wakalala kwenye miji ya watu wasiowajua. Kila walipopita waliulizwa, kwa sababu wanaume wawili na ng'ombe waliopangwa vizuri njiani maana yake ni moja tu.

"Mnakwenda kuoa?"

"Tunakwenda kuoa," Masunga alijibu kila mara, kwa kuwa kueleza kulikuwa kugumu.

Wanawake wakawapigia vigelegele. Mashimba alivuta kofia ikafunika macho. Vigelegele vile Elina alikuwa na haki navyo miaka yote, na sasa vinapigwa yeye hayupo.

Walifika Shishiyu siku ile ile ya kumaliza matanga. Mji wa mzee Mayige ulikuwa umejaa watu, wafiwa wamenyolewa vichwa, nyama iko motoni. Ng'ombe walipotokeza kichwa kwenye njia yenye ua wa minyaa, mtoto mmoja mwenye kipara akachomoka katikati ya watu, akakimbia.

"Baba! Baba! Wameninyoa!"

Mashimba alitupa fimbo. Alimdaka Nyamizi hewani, akamkumbatia, akanusa kile kipara kilichopakwa mafuta, na moyo wake uliokuwa umefungwa siku zote hizo ukafunguka akalia kama ambaye ndiyo kwanza anapewa habari.

"Ulichelewa," mtoto alimwambia. "Mama wamemweka chini na wewe hukuja."

"Nilikuwa nafuata ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wako."

"Wangu mimi?"

"Wako wewe, wote."

Nyamizi akawatazama upya. Akaanza kuwapa majina hapo hapo, yule mwenye doa akamwita Andazi.

Mzee Mayige alitoka ndani. Watu wakampisha. Alimtazama Mashimba, akatazama mifugo.

"Mwadila, Mashimba."

"Mwadila, bhabha!"

Mzee alikuwa amemwamkia yeye! Masunga akamkonyeza mdogo wake. Wakaletewa vigoda. Wakaletewa maji, maziwa mgando, wakapelekwa kuona kaburi nyuma ya ghala la mtama. Hata Luhende alikuja akasimama pembeni, akasema, "Yale niliyosema Bariadi, nilisema kwa uchungu," na Mashimba akamwambia yamekwisha.

Wakarudi kukaa. Wazee wa ukoo wakakaa. Masunga, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasafisha koo.

"Wazee wetu, tumekuja. Tumechelewa, tunakiri. Ng'ombe hao hapo. Wapokeeni, mtupe mtoto wetu."

Hakuna mzee aliyenyanyuka kwenda kuwakagua.

"Ni wachache?" Masunga aliuliza.

"Si wachache," alisema mzee Mayige. "Ni wazuri. Mmefanya kiungwana." Alikuwa akichora chini kwa ncha ya fimbo. "Ila warudisheni kwenu."

"Tumekosa nini?"

"Hamjakosa. Ng'ombe wa mtoto huyu wameshaletwa."

Mashimba alicheka. Alicheka kwa sababu hakuelewa.

"Wameletwa na nani, baba?"

"Na baba yake."

Sasa hakucheka.

"Yuko mtu Binza anaitwa Constantine," mzee alisema. "Zamani alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa kijijini, siku hizi ni wakala wa wanunuzi wa pamba. Alikuja kwenye mazishi kama watu wengine. Akamwona mtoto. Kesho yake asubuhi akarudi na ng'ombe, akapiga magoti hapo ulipokaa."

"Mwongo!" Mashimba alisimama. "Mwongo mkubwa! Anamwona marehemu hawezi kujitetea ndiyo anakuja kumchafua! Nani anaweza kusema hayo mbele yangu?"

"Mimi."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Alikuwa mama yake Elina, Milembe, mwanamke mdogo wa mwili, kichwa kimenyolewa, kipande cha kaniki kimefungwa kifuani. Alikuja akakaa chini mbele ya Mashimba, miguu ameikunja upande.

"Kaa, mwanangu. Ukisimama unaniumiza shingo."

Mashimba akakaa.

"Elina alikuwa na mimba alipokujua wewe," Milembe alisema. "Constantine alimdanganya, kisha akamfukuza. Alisema ana mchumba wa kanisani na hataki aibu. Elina alikuja kwangu usiku akaniambia, mimi peke yangu. Baba yake angemuua. Ndipo ukaja wewe msimu ule, kijana wa kiwandani, unapima pamba na kumchekea. Nikamwambia, binti yangu, huyu anakupenda, nenda naye kabla tumbo halijasema. Alfajiri ile mliyoondoka, mlango nilifungua mimi. Kwa mkono wangu huu. Mume wangu amejua juzi tu. Kama kuna wa kumtukana, nitukane mimi."

Mambo yalianza kujipanga yenyewe kichwani mwa Mashimba, moja baada ya jingine. Mkunga alimwambia Nyamizi ni mtoto wa miezi saba, naye akaamini, kwani kwa nini asiamini? Na ng'ombe! Wakati mshahara upo, kila alipotaka kwenda Shishiyu kuongea na wazee, Elina alimshika mkono. Tununue bati kwanza. Tununue cherehani kwanza. Mwakani, baba Nyamizi, mwakani. Yeye alidhani mkewe anamwonea huruma. Kumbe Elina aliogopa kikao, aliogopa mzee mmoja mwenye kumbukumbu angehesabu miezi kwa vidole.

Na kwa kuogopa huko, akafa bila kuolewa.

"Mayu, mama yangu," Mashimba alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Nikuulize neno moja tu. Alinipenda? Au alikuwa anajificha kwangu?"

Milembe alisogea karibu naye.

"Siku za gulio nilikuwa nakuja Bariadi kuuza karanga. Elina alikuwa ananitafuta sokoni, tunakaa nyuma ya magunia watu wasituone. Siku zote anaongea habari zako tu. Mashimba kasema hivi. Mashimba kanichekesha hivi. Mashimba kamtengenezea mtoto kigari cha vifuniko. Mpaka mimi nachoka, namwambia, hebu niulize na mimi habari zangu." Akajifuta pua kwa kaniki. "Alianza kwa kujificha, mwanangu. Sitakudanganya. Lakini hakumaliza hivyo."

Masunga alikuwa ameshika kichwa. Ng'ombe wa mwanawe walikuwa wakila nyasi za watu, na hakuna aliyewafukuza.

Ndipo gari likasikika.

Landrova nyeupe ilisimama nje ya minyaa. Akashuka mwanamume wa makamo aliyevaa suruali ya kitambaa, na nyuma yake mwanamke mpole mwenye kitambaa cheupe kichwani, amekumbatia mfuko wa karatasi. Miaka yote ya ndoa yao Mungu hakuwapa mtoto. Watu wote pale walijua hilo isipokuwa Mashimba na kaka yake.

Constantine hakuja kwa majivuno. Ingekuwa rahisi kama angekuja hivyo. Alivua kofia, akamwendea Mashimba, akampa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu, kwa msiba."

Mashimba hakuushika.

"Una haki," Constantine alisema. "Nilimfukuza binti wa watu. Hakuna siku nimesahau. Nilidhani labda mimba ile haikufika popote. Nilipomwona mtoto pale kaburini niliona paji la uso la mama yangu mzazi. Sikuja kugombana. Umemlea, nakushukuru. Nyumba ipo, shule iko jirani, atasoma mpaka mwenyewe aseme basi."

"Unamshukuru?" Masunga alinguruma. "Kama mtu aliyekuchungia mbuzi?"

"Nyamazeni," alisema mzee Mayige.

Alisimama kwa shida, akiegemea fimbo. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu ile siku ya Mabanzini.

"Mimi nilikuja kwako, Mashimba, nikakudhalilisha mbele ya jirani zako. Nilikuita si kitu. Kumbe aliyenidanganya yuko ndani ya nyumba yangu, na wewe ulidanganywa kuliko mimi. Kwa mila, mtoto ni wa huyu. Damu ni yake na ng'ombe wake wametangulia. Wazee hawa wameshasema hivyo." Akapumua. "Lakini mtoto yuko kwenye mji wangu, na neno la mwisho ni langu, na mimi nakupa wewe. Ukisema mbele yetu kwamba Nyamizi ni wako, leo hii Constantine ataswaga ng'ombe wake kurudi Binza na hakuna atakayekuuliza tena. Ukisema si wako, ataondoka na huyu. Chagua. Mimi nimechoka kuchagulia watu."

Minong'ono ikazuka kwa wazee. Mzee akainua mkono, ikakoma.

Constantine alikuwa amekunja kofia yake mpaka imepoteza umbo. Mkewe alifumba macho, midomo inacheza. Alikuwa anasali.

"Niruhusu kidogo, baba," Mashimba alisema.

Alikwenda nyuma ya ghala, kwenye kaburi. Hakupiga magoti. Alisimama tu, mikono imening'inia, na watu waliobaki uani waliweza kuona mgongo wake.

Alitaka kumkasirikia Elina. Alijaribu. Alijiambia maneno yote ambayo mwanamume aliyefichwa siri kubwa hivyo angeyasema. Hayakukaa. Kilichomjia ni mkono wa Elina ukimvuta shati mlangoni, mwakani, baba Nyamizi, mwakani, na sasa alielewa kwamba mkono ule ulikuwa unatetemeka kila mara, na yeye miaka yote hakuuona.

"Ungeniambia," alimwambia. "Ungeniambia tu. Ningekwenda na ng'ombe hivyo hivyo."

Basi akajua jibu lake. Ni wangu. Kumlaza pale kwenye chumba cha udongo, kibatari kikiwaka, kumsukuma kwenye baiskeli, kumnunulia andazi kwa Joyness asubuhi, hayo yote alifanya yeye. Kama ni damu, basi damu aikalie Constantine. Aligeuka, akarudi uani kwa hatua za mtu aliyeamua. Masunga alipoona uso wa mdogo wake akavuta pumzi na kusimama, tayari kwa furaha.

Lakini alipopita ghala Mashimba aliwaona.

Mke wa Constantine alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa jiko. Mfuko wa karatasi ulikuwa wazi. Nyamizi alikuwa amekalia kinu, ameinua mguu mmoja, na mama yule alikuwa akimfunga kifungo cha kiatu, taratibu sana, kama anayeogopa kuvunja kitu. Kiatu cheusi cha ngozi. Mguu wa pili ulikuwa tayari umevalishwa.

Tangu azaliwe Nyamizi alikuwa hajavaa viatu. Siku zote Mashimba alisema mwakani.

Mtoto aliruka chini. Akatembea. Vilikuwa vikilia kila alipokanyaga, nyi, nyi, nyi, naye akasimama ghafla, macho yametoka kwa mshangao, akakanyaga tena kuhakikisha. Kisha akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu mama yake alipopelekwa hospitali. Wafiwa walimgeukia, na baadhi yao wakatabasamu bila kutaka.

Mashimba akasimama pale pale kando ya ghala.

Alikiona chumba chake cha Mabanzini, lile gunia lililotundikwa badala ya mlango, ukuta unaovuja, baiskeli yenye tairi la kushonwa. Akayaona na yale maandazi ya asubuhi ambayo siku nyingine ndiyo yalikuwa chakula cha kutwa. Aliona na mkono ule wa mwanamke mgeni kwenye kifungo cha kiatu.

"Mashimba," mzee Mayige aliita. "Tunakusubiri."

Nyamizi alisikia jina hilo, akainua kichwa. Akakimbia kukata uwanja, viatu vinalia, kipara kinang'aa kwa mafuta.

"Baba, tazama!"

Wanaume wawili wakageuka kwa pamoja.